Uso wa Masalu

Mwamvua alipobisha hodi, Pantaleo alikuwa ameshajiapiza kwamba hachori tena marehemu.

Hakumwambia mtu. Alijisemea moyoni tu, akiwa ameinama juu ya bango la saluni, kwamba sasa basi, inatosha. Tangu maduara, mashimo ya dhahabu ya nje ya mji, yaanze kutoa na kuua, watu wa Kalangalala, hapo Geita, walikuwa wakimletea sura za watu wao: picha za vitambulisho, picha za harusi zilizokatwa katikati, simu zenye vioo vilivyopasuka. Yeye alizikuza, akazitia rangi, wakaenda kuzitundika sebuleni. Seremala akimaliza jeneza anakung'uta vumbi na kwenda zake. Pantaleo yeye alibaki na macho ya watu. Alikutana nayo kwenye sahani ya wali, kwenye ukuta wa choo, kwenye mabega ya abiria wa bodaboda. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa mgongo.

"Hodi, Baba Juliana. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, Mwamvua. Pole na msiba."

"Nimeshapoa."

Hakuwa amepoa. Mwamvua alikuwa mama lishe wa karibu na stendi, na Pantaleo alikuwa mteja wake tangu mkewe Esta aende Shinyanga kumuuguza binti yao Juliana aliyejifungua kwa upasuaji. Alimzoea mwanamke mcheshi, mwenye kelele, anayegombana na wateja wanaoomba mchuzi mara ya pili. Huyu aliyeketi kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa alikuwa amefunga khanga kiunoni kama mtu anayesubiri kuitwa mahali.

Mumewe, Masalu, alishuka kwenye duara asubuhi moja baada ya mvua kubwa, na duara likatitia. Wenzake walifukua mchana kutwa na siku zilizofuata, mpaka maji yakawazidi nguvu. Matimba yaliyoshikilia kuta yalikuwa yakilia kama mlango mbovu, na msimamizi akasema hatapoteza watu wengine kwa ajili ya watu ambao Mungu ameshawachukua. Wakasoma majina mdomoni mwa shimo, wakaomba dua kwa dini zote mbili, wakaondoka.

"Watu wa kwao Didia wamepiga simu," Mwamvua alisema. "Kaka yake, Maduhu. Anasema wamekaa msiba lakini msiba haukai. Hakuna mwili, hakuna kaburi. Mama yao anasema hawezi kulia juu ya mkeka mtupu. Wanaomba picha."

"Nipe niione."

"Sina."

"Hata moja?"

"Simu yangu yenye picha iliibiwa sokoni, nimebaki na hii ndogo. Yake alishuka nayo. Na kupigwa picha alikuwa hataki, ukimwelekezea simu anageuza uso kama umemmulika tochi." Alivuta pumzi. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Wenye picha wanakwenda studio."

Pantaleo aliweka brashi chini. "Mwamvua, mimi nachora kwa kuangalia. Mtu ambaye sikumwona—"

"Ulimwona. Alikuwa anakula pale pale kwangu. Meza ya mwisho, karibu na pipa la maji."

Pantaleo aliitafuta meza ya mwisho akilini mwake. Aliona wanaume wengi, wote wa rangi moja ya vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, vichwa vimeinamia sahani. Hakuna hata mmoja aliyeinua uso. Alitaka kumwambia hivyo, na kwamba amestaafu kazi ya nyuso, na kwamba aende kwa vijana wanaochora kwa kompyuta. Badala yake aliokota brashi, akaifuta.

"Njoo kesho," alisema. "Asubuhi, mkono wangu ukiwa bado na nguvu."

Mkono wenyewe ulikuwa wa kulia, na ulikuwa unatetemeka. Ujanani Pantaleo alifanya kazi mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Kazi yake ilikuwa kuchoma. Unaokota donge la dhahabu lililokamatwa na zebaki, unaliweka kwenye karai juu ya mkaa, unasubiri zebaki iende na moshi. Moshi ule alikuwa akiuvuta kama mtu anayeonja mchuzi. Dhahabu ikaenda kwa wenyewe, zebaki ikabaki kwake. Miaka ikapita, akasahau, akawa mchoraji wa mabango. Ndipo mkono ukaanza kucheza. Herufi za mabango aliziweza kwa rula na utepe wa gundi. Nyuso zilimshinda. Brashi yenye rangi ya mafuta, ukitetemeka nayo, mtetemo unabaki palepale milele, na mtu anatoka na midomo ya nyoka.

Aliyemwokoa ni Juliana, aliyekuwa akifundisha shule mjini Shinyanga. Alimtumia kwa basi kopo bapa la bati lenye penseli za rangi za maji. Ukizitazama ni penseli za kawaida. Unazichonga, unachora pakavu, mstari unakaa. Ukipitisha brashi yenye maji, mstari unayeyuka na kuwa rangi laini, kama vile ulipaka tangu mwanzo. Kwa mkono wa Pantaleo hiyo ilikuwa rehema. Aliweza kuegemeza kiganja mezani, akachora vistari vifupi vifupi vya kutetemeka, mamia kwa mamia, halafu maji yakaja yakaufuta mtetemo wote. Alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu karatasi. Alijua kwamba ngozi ya mtu mweusi haianzi na nyeusi. Inaanza na njano, inakuja rangi ya kutu, kisha kahawia, na kwenye kivuli cha shavu unatia buluu kidogo ambayo mtu haioni lakini akiikosa anajua kuna kitu kimekosekana. Alijua kwamba mwanga wa kwenye pua hauna penseli yake. Unauacha, karatasi nyeupe yenyewe ndiyo mwanga. Alijua kusubiri tabaka likauke kabla ya kuweka jingine, maana ukiwa na haraka rangi zinachanganyikana na uso unakuwa tope.

Kesho yake alibandika karatasi nene kwenye ubao kwa utepe wa gundi pande zote, ili ikilowa isijikunje. Mwamvua akakaa mbele yake.

"Anza na kichwa. Cha mviringo au kirefu?"

"Kirefu. Hapana. Cha kawaida."

"Macho?"

"Makubwa. Siyo makubwa sana."

"Pua?"

"Ya Kisukuma."

Pantaleo alimtazama. Yeye mwenyewe alikuwa Msumbwa na hakuwahi kusikia pua yenye kabila. Akachora. Alichora uso wa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mashavu ya mtu anayekula mara moja kwa siku. Mwamvua alisogea, akatazama, akatikisa kichwa.

"Siye."

"Wapi siye?"

"Pote."

Alichora mwingine. Siye. Alichora wa tatu siku iliyofuata, akafuta kidevu kwa raba mara nyingi mpaka karatasi ikaota manyoya, na karatasi ikishaota manyoya haishiki tena rangi vizuri, inanywa maji kama sifongo. Siye. Mgongo ulikuwa unamuuma. Bango la saluni lilikuwa bado nusu, na mwenye saluni alishapita mara mbili akikohoa mlangoni.

"Mwamvua," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka, "uliishi na mtu huyu miaka. Nipe kitu kimoja. Akicheka alikuwa anafanyaje?"

Mwamvua alitazama mikono yake mwenyewe, halafu akatazama mlangoni, barabarani, ambako bajaji ilikuwa imekwama kwenye tope na abiria wameshuka wanaisukuma.

"Sikumbuki," alisema.

"Hukumbuki anavyocheka?"

"Sura. Sikumbuki sura yake, Baba Juliana." Aliongea polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Alikuwa anatoka alfajiri, kiza. Anarudi kiza. Umeme kwetu hakuna, na kibatari nilikuwa nazima mapema. Mchana akija kula nilikuwa na wateja, nageuza chapati, simtazami. Mume wako humtazami, si yupo? Nakumbuka kisogo chake. Nakumbuka mgongo, nilikuwa namsugua. Kikohozi chake naweza kukitambua kati ya vikohozi mia. Lakini sura... Nikifumba macho inakuja, nikisema sasa niishike, inageuka kando. Kama alivyokuwa anazikimbia simu."

Pantaleo aliweka penseli chini.

"Shangazi yangu Tabora ananiambia kaa eda," Mwamvua aliendelea. "Eda ya nani, mimi namwuliza. Maiti sijaiona. Sura siioni. Labda sikuwahi kuolewa, labda nililota."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

Alisimama, akafunga khanga upya, akasema anakwenda kuinjika maharage maana wateja hawaombolezi. Pantaleo alibaki na nyuso tatu za watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Alizitazama, akazigeuza zielekee ukutani.

Jioni ile alifanya jambo ambalo hakuwa na nguvu nalo. Alipanda bodaboda mpaka machimboni, akauliza nani alikuwa anashuka na Masalu. Wakamwelekeza kwa kijana mmoja, Donatus, aliyenusurika kwa kuwa siku ile alikuwa na homa. Donatus alikuwa amekaa juu ya gunia la mawe, hafanyi kitu. Alipoambiwa habari ya picha alitoa simu, akatafuta kwa muda mrefu, akampa.

Ilikuwa picha ya kikundi, mdomoni mwa shimo. Wanaume wanacheka, wameshikana mabega. Nyuma yao amesimama mtu mmoja ambaye taa ya kichwani ya mwenzake imemmulika, na mwanga umemla paji la uso, macho na pua yote. Vilivyobaki ni taya, upande mmoja wa mdomo na sikio la kulia.

"Ndiye huyo," Donatus alisema. "Ndiyo hiyo tu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Donatus alifikiri. "Mpole. Alikuwa wa mwisho kushuka na wa kwanza kuuliza kama tumekula. Na akikutazama alikuwa anafinya jicho moja, hivi, kama anapima gogo."

Pantaleo alirudi na picha ile kwenye simu yake. Taya halidanganyi. Mtu ukiwa na taya na kona ya mdomo, unaweza kupanda juu taratibu kama unavyojenga ukuta. Asubuhi alianza na njano nyepesi, uso mzima, akaacha weupe pale ambapo mwanga ungeangukia. Akaweka kutu. Akaweka kahawia kwa vistari vyake vya kutetemeka, na jicho la kushoto akalifinya kidogo. Nywele hakuzichora kwa mistari. Alilowesha karatasi kichwani, akasugua ncha ya penseli nyeusi kwenye msasa juu yake, unga ukadondoka kwenye maji na kutawanyika wenyewe, ukawa nywele fupi za mtu asiyekwenda kwa kinyozi.

Mwamvua alipokuja, uso ulikuwa bado mkavu, una mikwaruzo mingi, rangi zimesimama kila moja peke yake kama watu waliogombana.

"Huyo nani?" aliuliza kwa hofu.

"Bado. Maji hayajapita." Pantaleo alinyoosha mkono kuchukua brashi, na mkono ukakataa. Ulikuwa umefanya kazi tangu alfajiri, sasa unaruka kama samaki. Aliukamata kwa mkono wa pili, akangoja. Haukutulia. Mwishowe akamsukumia Mwamvua kikombe cha maji na brashi. "Pitisha wewe."

"Mimi? Nitaharibu."

"Chovya, kisha kamulia kwenye kitambaa. Brashi iwe na umande, isiwe na mto. Anza penye mwanga uende penye kivuli. Ukianza kivulini utaburuta weusi usoni."

Mwamvua alichovya. Alianza kwenye paji la uso, kwa woga, kama anayemgusa mtu aliyelala. Vistari vikalegea, vikaungana, na ngozi ikatokea. Alishtuka akaacha, kisha akaendelea. Shavu likaja. Taya likaja. Alipofika kwenye jicho lililofinywa mkono wake ulikuwa na maji mengi, na tone likateremka kutoka kwenye kope, likachora njia nyeusi mpaka karibu na pua.

"Nimemwua!"

"Tulia. Usisugue." Pantaleo alichukua kipande cha fulana ya zamani, akakikandamiza juu ya tone mara moja, akainua. Rangi ikaja na kitambaa. Palibaki doa, jepesi, ambalo hakulipenda hata kidogo, na alijua akilifuatilia atatoboa karatasi. Akaliacha.

Mwamvua alikuwa hatazami doa. Alirudi nyuma hatua chache, akakaa kwenye ndoo yake.

"Ndiyo," alisema. Baadaye akasema tena, kwa sauti ya chini, "Ndiyo. Nadhani ndiyo."

Mama Maduhu, mama mzazi wa Masalu, na mwanawe mkubwa Maduhu walifika Geita mwisho wa wiki. Walitaka kwanza waione ardhi iliyommeza mtoto wao, na Mwamvua akawapeleka. Waliporudi Kalangalala kuitazama picha, hakuna aliyekuwa akizungumza na mwenzake. Mama yule hakuwahi kumjua mkwe wake. Masalu aliondoka Didia baada ya kugombana na marehemu baba yake juu ya ng'ombe, akaapa harudi, na hakurudi. Habari za kwamba ameoa zilifika kwao pamoja na habari za kwamba amekufa.

"Mwadila, mayu," Pantaleo alimwamkia mama yule kwa Kisukuma.

"Mwadila." Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na vumbi la machimbo lilikuwa bado kwenye magoti ya gauni lake. Maduhu alikuwa nyuma yake, kofia mkononi.

Pantaleo aliuweka ubao kwenye kiti, penye mwanga. Mama yule alisogea karibu sana, kama anayenusa.

"Amezeeka," alisema.

Alipitisha kidole hewani mbele ya kidevu, bila kukigusa.

"Aliondoka hana ndevu. Nani alikuwa anamnyoa?" Akageuka kwa Mwamvua, mara ya kwanza tangu wafike. "Alikuwa anakula vizuri?"

"Alikuwa anakula, mama. Alipenda michembe, vile viazi vikavu vya kwenu. Nilikuwa namtafutia sokoni."

"Michembe," mama alirudia. Akaitazama tena picha, na uso wake ukabadilika. "Lakini hili sikio si lake."

Pantaleo alisogea. "Lipi, mayu?"

"La kushoto. Masalu hakuwa na sikio zima. Dume lilimpiga pembe akiwa anachunga, likachana hapa." Aligusa sikio lake mwenyewe, ukingo wa juu. "Lilipona na pengo. Kidole changu kilikuwa kinaenea. Mkewe hakukwambia?"

Ndipo Mwamvua alipoanza kulia. Tangu siku ya kwanza Pantaleo hakuwa amemwona akitoa chozi, na sasa alilia kwa kelele, ameinama, khanga mdomoni. Maduhu alitoka nje.

"Nilikuwa najua," Mwamvua alisema alipoweza. "Hilo ndilo nililokuwa nalijua. Gizani nilikuwa nalishika. Kila kitu mlikuwa mnakiomba, sura, macho, mcheko, na mimi sina. Hilo nikalibakiza langu."

Mama Maduhu hakumkumbatia. Alisogeza tu gauni lake pembeni, akapisha nafasi kwenye benchi, na Mwamvua akakaa hapo.

"Litengeneze," mama alimwambia Pantaleo.

Kutengeneza kilichokwisha kukauka ni kazi. Pantaleo alilowesha sikio kwa ncha ya brashi, akangoja rangi ilainike, akaiinua kwa kitambaa, akalowesha tena, akainua tena, mpaka karatasi ikabaki na kivuli tu. Akachonga penseli ya kahawia ikawa kama sindano, akaichovya majini. Ncha ikiwa imelowa inatoa mstari mzito, mweusi, usio na msamaha. Ndio aliouhitaji kwa lile pengo, na ndio ambao mkono wake haukuuweza. Alijaribu kuegemeza kiganja. Penseli ilikuwa inagonga hewa juu ya karatasi. Jasho lilimtoka, na aliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe.

Mama Maduhu aliinuka. Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vyenye sugu za jembe, akakibana mezani kwa nguvu, kama anavyoshikwa ndama wa kuchomwa sindano.

"Chora, ng'wanone," alisema, akimwita mwanawe.

Akachora. Mstari mmoja ulioshuka, ukaingia ndani, ukatoka.

Waliondoka asubuhi iliyofuata kwa basi la Kahama, Mwamvua pamoja nao, maana mama alisema picha si mzigo wa kubebwa na mwanamume. Pantaleo aliifunga kati ya maboksi mawili. "Mkifika, itieni kwenye fremu ya kioo," aliwaambia. Hakusema kwa nini. Basi lilikuwa limeshawasha injini, na yeye alikuwa anataka kwenda kulala.

Simu ilikuja matanga yakiwa yamekwisha. Ilikuwa Mwamvua, na Pantaleo hakumwelewa mpaka alipomwambia apumue.

"Amefutika, Baba Juliana. Mama amempangusa kwa kitambaa cha maji. Amefutika wote."

Pantaleo aliketi. Aliiona picha ile mezani kwake, kila tabaka, njano, kutu, kahawia, buluu ya kivulini, vyote vikingoja maji kama siku ya kwanza. Kioo. Alikuwa amesema kioo tu, kama vile ni urembo.

Alipanga kopo la penseli, karatasi na ubao kwenye mfuko wa salfeti, akapanda basi. Zaidi ya Kahama mashamba yalikuwa ya kijani, pamba imeanza kufunga vitumba, na yeye alikuwa anahesabu jinsi atakavyoanza upya, na mwili wake wote ulikuwa unasema hapana.

Maduhu alimpokea barabarani Didia, akabeba mfuko. "Kioo tulikosa siku ile," alisema kwa aibu. "Tukasema tutatafuta mjini. Tukatundika hivyo hivyo. Nadhani mama aliona vumbi."

Nyumbani picha ilikuwa imelazwa juu ya ungo, chini ya kivuli cha ghala. Mwamvua alikuwa amekaa kando yake, macho mekundu. Pantaleo alichuchumaa. Uso ulikuwa umekwenda. Pamebaki wingu la kahawia, lenye weupe katikati, na upande wa kushoto mstari ule mmoja wa sikio, uliogoma.

"Mayu," alisema, "nisamehe. Ilikuwa nikwambie haigusani na maji. Nimekuja na vifaa. Nitamrudisha."

Mama Maduhu alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuacha.

"Kwani nani kakwambia sikujua?"

Mwamvua aliinua kichwa.

"Siku ile kwako nilikuona unalitoa lile sikio," mama alisema. "Maji, kitambaa, likatoka. Nimeona kwa macho yangu." Aliweka gunzi chini, akachukua jingine. "Watoto wangu wengine waliokufa niliwaosha mwenyewe. Wawili. Niliwaosha, nikawavika, ndipo wakazikwa. Huyu walimwacha na tope lake. Kila nikiingia ndani ananitazama, na mimi najua ana tope. Nikasema leo nakuosha. Nikachota maji, nikamwosha taratibu, uso, shingo, nyuma ya masikio. Akawa anaondoka huku namwona. Sikumfuta. Nimemwosha."

Kuku walikuwa wanagombea punje zilizodondoka. Maduhu alisimama na mfuko wa salfeti mkononi, hajui auweke wapi.

Mwamvua ndiye aliyesema kwanza. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kibandani. "Maiti akishaoshwa hangoji, mama."

"Ndiyo," mama alisema. "Hangoji."

Walimzika alasiri ile ile, kando ya baba yake aliyegombana naye. Karatasi waliiviringisha kwenye shuka jeupe. Maduhu na majirani walichimba shimo la kweli, la kimo cha mtu, hakuna aliyethubutu kusema dogo lingetosha. Mzee wa kanisa alisoma, na Mwamvua akainua viganja akaomba dua yake kwa kunong'ona. Pantaleo alipopewa koleo alitaka kukataa, akafikiria mkono wake, akalipokea. Udongo ulikuwa unamwagika pembeni kabla ya kufika shimoni. Hakuna aliyecheka. Aliendelea mpaka Maduhu akampokea.

Baadaye, akinawa, Mwamvua alikuja na birika akammiminia.

"Nilipokupigia nilitaka unichoree mwingine," alisema. "Wa kwangu mimi."

"Naweza. Penseli ninazo hapa."

Alifikiri, birika limeinama, maji yanamwagika chini. "Hapana. Pumzika tu, Baba Juliana."

Mwamvua alibaki Didia mpaka karanga zikang'olewa, maana mama mkwe alisema mikono haitoshi. Halafu akarudi Kalangalala, akafungua kibanda upande wa pili wa stendi, na kila Jumapili simu yake ilikuwa haishikiki: walikuwa wanaulizana, yeye na mama yule, habari za mvua na bei ya mchele, na nani ameota nini.